Kikundi cha familia: Kina Mwanaidi wa Magomeni

JUMATATU

Shangazi Zuhura (07:41): Assalaam alaykum familia. Poleni na uchovu wa Idd. Kamati ya harusi ya Rehema inaanza leo. Dera la sare 25,000, rangi ya maziwa na dhahabu. Nimeshaweka advansi ya madera kumi na mbili, kwa hiyo asije mtu na habari za kijani.

Rehema (07:55): Shangazi jamani, taratibu. Pete yenyewe haijazoea kidole.

Shangazi Zuhura (07:57): Pete haina mazoea. Umesimama mbele ya ukoo mzima ukasema "huyu ndiye". Nimempigia yule mgane wa Mbagala nimemwambia asitume tena kuku.

Mjomba Seif (08:03): Kuku walikuwa wazuri lakini.

Shangazi Zuhura (08:04): Seif.

[Shangazi Zuhura amemwongeza Kulwa]

Rehema (08:06): Shangazi!!

Kulwa (08:10): Shikamooni wazee wangu. Hamjambo wengine.

Mama Rehema (08:11): Marahaba baba. Karibu.

Ba'mkubwa Omari (08:19): MARAHABA. MNYAMWEZI KATIKA KIKUNDI CHA WAZARAMO. BABU ZAKO WALITEREMKA KUTOKA TABORA NA PEMBE ZA NDOVU MABEGANI MPAKA BAGAMOYO, WEWE UMEKUJA MAGOMENI NA SODA MOJA YA FANTA. ASALI IKO WAPI?

Kulwa (08:21): Asali inakuja mtani. Babu zangu walichoka kwa sababu mliwakalisha pwani mkawauzia hata maji.

Ba'mkubwa Omari (08:22): HAHAHAHA. HUYU ANAJUA KUJIBU. AKAE.

Saida (08:40): Samahani wadau. Nimeikuza picha ya Idd. Hiyo pete mbona naiuza mimi? 3,000. Ukichukua dazeni nakushushia.

Rehema (08:41): Zinafanana.

Saida (08:41): Na kidole chako kina kijani kwa chini.

Rehema (08:42): Hina.

Mjomba Seif (08:50): Kulwa ana pacha wake, Doto. Siku ya nikaha tutajuaje ni yupi kaja?

Kulwa (08:52): Doto ni wa kike, Mjomba.

Mjomba Seif (08:53): Basi hapo tumepona.

JUMANNE

Mama Rehema (18:22): Jangwani maji yamejaa, mwendokasi imesimamishwa. Rehema uko wapi? Simu haipokelewi.

Kulwa (18:30): Niko naye mama. Simu yake imezima chaji. Tunazungukia Salenda, ila foleni haisogei.

Mama Rehema (18:31): Alhamdulillah.

Shangazi Zuhura (18:33): Mchumba ndiyo huyu sasa ❤️❤️❤️ Yule wa Mbagala na malori yake yote ya mchanga, angefika saa ngapi?

Rehema (21:14): Nimefika. Jamani kila masika Kulwa ananipitia Jangwani ikifungwa. Ni kawaida tu.

Saida (21:15): Kwani kawaida yenu ni ipi, tufundishwe.

IJUMAA

Ba'mkubwa Omari (16:47): ASSALAAM ALAYKUM. LEO BAADA YA SWALA NIMEPOKEA MGENI. MZEE WA KITABORA ANAYEKAA MANZESE, KANZU SAFI, KOFIA YA KUDARIZI. AMELETA BARUA KATIKA SAHANI, IMEFUNGWA KWA KITAMBAA CHEUPE. NDANI BARUA NA KISHIKA UCHUMBA 100,000. NIMESOMA. MWANDIKO MZURI, ADABU IPO, HAKUNA KUJISIFU. POSA YA MTOTO WETU REHEMA.

Shangazi Zuhura (16:48): Vigelegeleeee!!!

Mama Rehema (16:48): 🙏🏾🙏🏾

Rehema (16:49): Barua gani?

Ba'mkubwa Omari (16:50): YA POSA. HUKUAMBIWA?

Rehema (16:50): Kulwa?

Rehema (16:51): Kulwa pokea simu.

Rehema (16:58): Ba'mkubwa usiijibu hiyo barua. Wazee naomba mnisikilize. Mimi na Kulwa hatuna uchumba. Nilimwomba akae na mimi siku ya Idd kwa sababu Shangazi alikuwa amemwalika yule baba wa Mbagala na nilikuwa nimechoka kukaa naye sebuleni tunaangalia saa. Pete nimenunua mwenyewe. Ilikuwa tuseme mwezi ujao tumekosana, basi yaishe. Hii ya barua imevuka mpaka, hatukupatana.

Saida (16:59): Nawadai samahani. Pete nilisema.

Shangazi Zuhura (17:02): Yaani mimi nimeringa mpaka kwenye kikoba.

Hamisi Mlimani (17:05): Kitaalamu, Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 69, inaruhusu kudai fidia ahadi ya ndoa ikivunjwa. Ila ni hasara ya gharama ulizoingia tu, na hakuna mahakama ya kumlazimisha mtu aolewe.

Shangazi Zuhura (17:06): Advansi ya madera kumi na mbili ni gharama au si gharama?

Hamisi Mlimani (17:07): Neno shangazi sijaliona mle ndani.

Mjomba Seif (17:08): Namba ya yule wa kuku bado ipo?

Kulwa (17:15): Shikamooni wazee. Nilikuwa juu ya ngazi nafunga kiyoyozi cha mtu, simu ilikuwa chini. Anayosema Rehema ni kweli kwa upande wake. Aliniomba nikae pembeni yake niitikie kila kitakachosemwa, nikakubali. Lakini Ba'mkubwa aliponishika mkono akaniuliza mbele ya watu, "Kijana, una nia?", nilisema ninayo. Pale sikuwa naitikia kwa ajili ya mtu. Nikarudi nyumbani nikaona sitaweza kuja mwezi ujao kumwambia mzee yule yule kwamba tumekosana. Ndipo nikaenda kwa mzee wetu Manzese. Barua ni yangu, na sikutumwa.

Kulwa (17:16): Rehema sikumwambia kwa sababu angenicheka.

Rehema (17:19): Jumanne ulikaa na mimi kwenye gari mpaka usiku unaniongelesha habari za gesi ya friji. Ungeniambia pale. Siyo kwenye sahani ya Ba'mkubwa.

[Rehema ameondoka]

Saida (17:20): Hee. Amekasirika au ameona aibu?

Mjomba Seif (17:21): Mwache. Hata yeye hajui bado.

Kulwa (17:22): Naomba radhi wazee. Mkitaka nitoke nami natoka.

Ba'mkubwa Omari (17:24): KAA. ASALI HAIJAFIKA.

Mama Rehema (20:36): Nimeswali, nimetulia, sasa niseme langu. Usiku ule wa Julai 2021 soko la Kariakoo lilipoungua, Rehema alikuwa na kizimba mle ndani. Mtu wa kwanza kumpigia hakuwa mimi mamaye. Alimpigia Kulwa. Mimi nimefika alfajiri, naulizia huku na huku, nikawakuta wamekaa kwenye ukingo wa barabara juu ya robota moja la vitenge, ndilo lililopona maana lilikuwa bado kwa mwenye stoo. Masizi mpaka kwenye nyusi. Nikategemea nimkute mtoto analia na mwenzie anambembeleza. Wapi. Kulwa ameshika daftari, anamwuliza: nani anakudai, kiasi gani, nani unamdai. Jina moja moja. Rehema anajibu. Saa mbili asubuhi walikuwa wameshajua deni lote na wa kuanza kumlipa. Lile robota ndilo alilorudi nalo kwenye biashara, akapata fremu Mtaa wa Kongo, na mashelfu ya fremu ile aliyapigilia huyu huyu. Tangu siku ile mimi nangoja. Sikuuliza, kwa sababu watoto wa sasa ukiwauliza wanakwambia "mama ni rafiki tu", halafu wanaanza kujificha.

Shangazi Zuhura (20:41): Hayo wifi ungeniambia mapema nisingehangaika na Mbagala.

Mama Rehema (20:42): Ulikuwa huambiliki wifi yangu.

Juma (21:10): [Ujumbe wa sauti 1:52] Huyu ni Bibi. Ameniambia niandike pia kwa wale ambao bando limeisha: "Barua ikishaingia nyumba hii haitoki bila jibu. Na jibu hatoi Omari, sitoi mimi. Aitwe mwenyewe aulizwe. Babu yenu nilimkataa mara ya kwanza, akaenda zake Kisarawe, akarudi baada ya mavuno, na sikufa. Mwambieni Rehema hakatazwi kukataa. Ila akikatae kitu kwa sababu hakitaki, asikikatae kwa aibu ya pete. Halafu huyo kijana anaswali?"

Mjomba Seif (21:14): Ijumaa huwa namwona msikiti wa Kichangani, safu za nyuma. Ile feni iliyokuwa inapiga kelele aliitengeneza yeye, hakutaka hela.

Juma (21:16): Bibi amesema "haya".

JUMAPILI

[Saida amemwongeza Rehema]

Saida (19:02): Bi harusi mtarajiwa au mtoro, tuambie tukae vipi.

Rehema (19:20): Assalaam alaykum wote. Samahani kwa kutoka bila kuaga, hasa kwako Ba'mkubwa.

Rehema (19:31): Jana nilikutana na Kulwa ufukweni Coco, tukala mihogo, tukagombana kidogo, tukaagiza mingine. Nilimwuliza tangu lini. Akasema siku haijui, anachojua ni kwamba alikuwa anapita Mtaa wa Kongo hata siku ambazo hana kazi Kariakoo, na mimi nilikuwa nampa boksi anishikie. Ni kweli nilikuwa nampa boksi. Kwangu mimi ni Jumanne ile ya foleni. Nilifika mlangoni nikakuta nimekasirika, na sikuelewa kwa nini. Baadaye usiku ndiyo nikaelewa kwamba nilikasirika kuwa tumefika.

Mjomba Seif (19:32): Na ile habari yote ilikuwa ya gesi ya friji.

Rehema (19:33): Mjomba, ya gesi ya friji.

Saida (19:33): Mengine ya Coco?

Rehema (19:34): Mengine si ya kikundi hiki.

Ba'mkubwa Omari (19:40): SASA NAKUULIZA KAMA BABA YAKO ANGEKUWEPO, MUNGU AMREHEMU. PETE NIMEIWEKA KANDO. SHANGAZI YAKO NA MADERA YAKE NIMEWAWEKA KANDO. BARUA IKO MEZANI KWANGU. NIIJIBU VIPI?

[Rehema anaandika…]

Saida (19:43): Anaandika anafuta, anaandika anafuta.

Rehema (19:44): Ijibu ndiyo, Ba'mkubwa.

Shangazi Zuhura (19:44): Ayayayayayaaaa!!! 💃🏾💃🏾💃🏾

Mama Rehema (19:45): Alhamdulillah. Alhamdulillah.

Juma (19:46): Bibi amepiga kigelegele mpaka jirani kaja kuuliza kuna nini.

Shangazi Zuhura (19:48): Wiki mbili zinatosha. Madera yapo, ukumbi naujua.

Hamisi Mlimani (19:50): Shangazi, taarifa ya kusudio la ndoa inatakiwa itolewe angalau siku 21 kabla. Sheria ile ile.

Shangazi Zuhura (19:51): Wewe mtoto unasomea sheria au unasomea kunipinga?

Shangazi Zuhura (19:53): Haya, Kulwa toka kwanza kikundini, tunataka kupanga mahari yako.

Mjomba Seif (19:54): Atoke vipi na ndiye anayelipa?

Shangazi Zuhura (19:58): Basi asikie. Mkaja wa mama. Kilemba cha mjomba. Cha shangazi kipo na hakisahauliki. Mshenga aje tukae, si mambo ya kuandikiana.

Ba'mkubwa Omari (20:01): NA FAINI YA UTANI. MNYAMWEZI KUOA MZARAMO BILA KUTOZWA NI DHARAU KWA WATANI WOTE WA PWANI. NDOO YA ASALI, ISIYOCHANGANYWA NA SUKARI.

Kulwa (20:03): Ndoo ipo njiani tangu Ijumaa mtani. Doto ameipakia kwenye basi Tabora.

Ba'mkubwa Omari (20:04): KUMBE ULIKUWA NA UHAKIKA!

Kulwa (20:05): Sikuwa nao. Nilisema nikikataliwa nitaila mwenyewe.

Juma (20:09): Bibi anasema mnapiga kelele bure. Hayo mengine mtapanga na mshenga, lakini mahari ni haki ya mwenyewe bi harusi, ayataje yeye, na mtu asimsemee.

Shangazi Zuhura (20:10): Rehema mwanangu, usijishushe. Taja kitu cha maana.

Saida (20:10): Dhahabu ya kweli safari hii.

Rehema (20:16): Msahafu. Na mashine ya ovaloki, nataka kuanza kushona mwenyewe pale fremu badala ya kuuza vipande tu.

Shangazi Zuhura (20:17): Ovaloki?? Mahari??

Mama Rehema (20:17): Zuhura, mwache mtoto.

Kulwa (20:18): Ya nyuzi tatu au nne?

Rehema (20:18): Nne.