Naomba ushauri: njia ya kupanga uzazi nikiwa kampasi

Wadau niko kampasi hapa Kisumu, nimechoka kukimbilia P2 (tembe za kuzuia mimba baada ya ngono) kwa kemisti pale Kondele, hiyo ni ya dharura ndani ya masaa 72, si ya kila wiki, na haikingi ukimwi wala kisonono. Kliniki ya shule iko lakini nesi anauliza "umeolewa?" kwa sauti foleni nzima ikisikia, na hapo kuna msichana wa kanisa letu nyumbani, wueh! Roommate wangu aliwekewa ile ya mkono ya miaka 3 (kijiti chini ya ngozi), anaisifu ila hedhi imevurugika. Sindano ya miezi 3 naogopa juu ukiacha mimba inaweza chelewa kushika. Mliotumia mlichagua gani? Na ni hospitali gani ya kaunti hapa inahudumia vijana bila maswali mob?