Halmashauri inaomba ruzuku kulinda viwanja vya wazi ambavyo yenyewe ndiyo inavigawa!

Wakuu, kwanza mods naomba huu uzi msiutupe jukwaa la siasa. Hapa hakuna chama, hapa kuna viwanja.

Kuna halmashauri moja hapa Dar imeandika andiko la mradi kuomba hela kwa wafadhili wa nje. Sitaji jina lake, maana naishi humo humo na bado nina mambo yangu kwenye ofisi zao. Jina la mradi ni refu kama treni ya mizigo, limejaa uhimilivu, tabianchi, ushirikishwaji, jinsia na vijana. Ukilichuja linabaki jambo moja tu: wanaomba ruzuku ya kulinda maeneo ya wazi ya umma yasivamiwe.

Wamekuja mtaani kwetu kufanya mkutano wa wadau. Tumesaini mahudhurio, tumepewa maji ya chupa, tumepigwa picha. Hizo saini na hizo picha zinaenda kubandikwa kwenye andiko kama ushahidi kwamba wananchi tumeshirikishwa. Mwenyekiti wa mtaa alishukuru kwa dakika nyingi kuliko muda tuliopewa kuuliza maswali.

Mimi nikaomba kuona orodha ya maeneo yenyewe. Afisa akasitasita, akamwangalia mwenzake, mwisho akanipa kiambatisho nikisome palepale. Nilichokikuta humo ndicho kimenitoa usingizini.

Kiwanja cha kwanza cha mtaa wetu kwenye ile orodha ni baa. Sio meza mbili chini ya mwembe. Ni baa yenye jiko la nyama choma, ukuta wa tofali, geti, na sehemu ya kuoshea magari pembeni. Ina leseni ya biashara ukutani, na leseni hiyo imetolewa na halmashauri hiyohiyo. Kiwanja cha pili ni fremu mstari mzima, kuanzia duka la vipodozi mpaka wakala wa pesa. Cha tatu kimebaki nusu. Nusu hiyo watoto wanapigia chandimu (mpira wa mtaani), na nusu ya pili imezungushiwa mabati yaliyoandikwa kwa rangi nyekundu KIWANJA HIKI HAKIUZWI.

Andiko linasema vyote vitatu "vipo hatarini kuvamiwa". Hatarini! Mtu keshakula, kanawa, anachokonoa meno, nyie mnaandika chakula kipo hatarini kuliwa.

Halafu sikilizeni hela inaombwa ya nini. Uzio. Mabango. Taa. Miche ya miti. Gari la doria, ndiyo, gari. Na mafunzo ya kuwajengea uwezo maafisa ardhi na mipango miji. Nikanyoosha mkono nikauliza, uwezo upi unaokosekana, uwezo wa kusema hapana? Watu wakacheka, ajenda ikasonga mbele.

Jambo ambalo wengi hawakuliona pale mkutanini ni hili. Ukubwa wa kila kiwanja kwenye kiambatisho umeandikwa kwa "hali halisi", yaani kilichobaki leo, sio kilichochorwa kwenye ramani ya mipango miji. Kile cha chandimu kimeandikwa kwa ile nusu tu. Sasa fikirieni: mfadhili atatoa hela, uzio utajengwa kuzunguka nusu, bango litasimikwa, waziri atakata utepe. Kuanzia siku hiyo nusu ya mabati sio eneo la wazi tena. Nani ataidai, wakati serikali yenyewe imejenga ukuta kuonyesha mpaka wa eneo la umma uko wapi? Huo uzio hautalinda kiwanja. Utamlinda aliyekwapua, na utajengwa kwa hela ya walipa kodi wa Ulaya ambao hawajui hata mtaa wetu upo upande gani.

Kwa wasiojua viwanja hivi vinapoteaje, acheni niwaeleze kidogo, maana tumezoea kusema "wavamizi" kama vile watu wanakuja usiku na panga. Kiwanja cha wazi hakivamiwi, kinaandaliwa. Chini ya Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007, mamlaka ya upangaji ni halmashauri. Yeye ndiye anachora, yeye ndiye anaanzisha mabadiliko ya matumizi. Njia ya haraka ni kuchora upya: sehemu iliyokuwa ya kijani kwenye ramani inageuka biashara, inapimwa, inapewa namba, safari ya hati inaanza. Njia ya polepole ni kibali cha muda. Mtu anaomba kuweka kioski cha mabati, cha kuhamishika. Baada ya muda kioski kinapata sakafu ya zege. Zege linapata nguzo, nguzo zinapata paa, na mwenye nacho anaanza kulipa ushuru kwa uaminifu kabisa, risiti zote anazo. Siku ukimgusa anakwambia nimekuwa hapa kihalali miaka yote, na kusema kweli anazo karatasi za kukuonyesha.

Sasa niambieni, gari la doria litamkamata nani hapo? Litazunguka likamkute mama muuza mihogo.

Na hii sio mara ya kwanza hela ya nje kuingia kwenye habari hizi. Sinza, Kijitonyama na Mikocheni vilipimwa miaka ya 1970 kwa mradi uliogharimiwa na Benki ya Dunia. Viwanja vikapangwa vizuri, barabara zikachorwa, na maeneo ya wazi yakaachwa katikati ya makazi ili watoto wacheze na watu wapumue. Nenda Sinza leo uyatafute. Utakuta gereji, utakuta baa, utakuta fremu, utakuta nyumba za ibada (na hapo ndipo hakuna anayethubutu kufungua mdomo). Hela ilikuwepo, wataalamu walikuwepo, ramani zilikuwepo. Kilichokosekana baadaye sio ruzuku.

Upande wa pili angalieni Mnazi Mmoja. Ule uwazi Waingereza waliuacha makusudi uwe mpaka kati ya Uhindini na Kariakoo ya Waafrika, yaani ubaguzi mtupu. Ajabu ni kwamba mpaka leo bado upo, wakati viwanja tulivyojipangia wenyewe tukiwa huru vimeyeyuka. Viwanja vya Biafra, Mwembe Yanga na Zakhem navyo mpaka leo kila mtu anavijua. Mimi nina imani yangu kuhusu sababu: wanasiasa wanavihitaji kila uchaguzi. Kiwanja cha mtaani ambacho hakitoshi kuweka jukwaa la kampeni hakina mtetezi.

Na Bonde la Msimbazi ndilo linaniumiza kuliko yote. Lile bonde linajulikana ni njia ya maji tangu babu zetu. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Mafuriko ya Desemba 2011 yakaua watu, waathirika wakapelekwa Mabwepande. Desemba 2015 greda likaingia, nyumba zikapigwa X nyekundu, watu wakalala nje na watoto. Sawa, tuseme sheria ni msumeno. Lakini karakana ya mabasi ya mwendokasi si ilijengwa palepale bondeni, Jangwani? Mvua zikaja, mabasi yakazama, tukayaona wote. Ule msumeno ulikuwa unakata upande mmoja.

Leo kuna mradi mkubwa wa bonde hilo. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 200, Hispania ikaongeza mkopo wake, Uholanzi ikatoa msaada, na ndani ya mpango kuna bustani kubwa ya jiji. Sina ugomvi na mradi huo, bonde likipata bustani mimi nitakuwa wa kwanza kwenda kukaa. Ninachosema ni kwamba huo ndio mfano wa gharama ya kuacha uwazi uliwe halafu uje uununue upya. Mkopo tutalipa sisi na wajukuu. Kusema hapana mwanzoni kungegharimu wino.

Kwa majirani zetu Nairobi, mwaka 1989 serikali ilitaka lijengwe jengo la ghorofa 60 ndani ya bustani ya Uhuru Park. Mwanaharakati wa mazingira Wangari Maathai akasimama, akaandika barua kila mahali, akatukanwa mpaka bungeni. Unajua kilichomaliza ule mradi? Waliotarajiwa kutoa hela wakajitoa. Pale mfadhili aliokoa bustani kwa KUTOTOA hela. Hawa wetu wanataka kupewa hela ili wazungushie uzio mabaki.

Ninachotaka sio kikubwa. Kabla ya andiko kwenda popote, halmashauri ibandike kwenye ofisi ya kila serikali ya mtaa orodha ya maeneo yote ya wazi kwa mujibu wa ramani ya awali, na namba ya ramani, na ukubwa wake wa awali. Pembeni iandikwe nani yupo hapo leo, kwa kibali gani, na kilisainiwa na nani. Basi. Hiyo ni karatasi na gundi, haihitaji Ulaya. Halafu halmashauri ichukue hati za viwanja hivyo kwa jina lake yenyewe, matumizi yaandikwe eneo la wazi, ili siku mtu akitaka kubadilisha matumizi itangazwe wazi na sisi tuweke pingamizi. Wakishafanya hayo waombe ruzuku ya miche, ya mabembea, ya vyoo, ya taa, mimi mwenyewe nitasaini mahudhurio bila kupewa maji.

Wasipofanya, nitamwandikia mfadhili mwenyewe. Miradi ya namna hii karibu yote inaweka dirisha la malalamiko, na barua yenye picha ya ile baa sidhani kama itakosa msomaji.

NYONGEZA

Naona michango imekuwa mingi, najibu kwa pamoja.

Mkuu uliyesema "ruzuku ni hela ya bure, wivu wa nini": soma tena kipande cha uzio. Hela ya bure inayohalalisha wizi sio ya bure.

Uliyesema halmashauri haina hela, itafanyaje: asilimia 10 ya mapato ya ndani inatengwa kwa ajili ya mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu kwa sababu sheria imesema itengwe. Kumbe ikisemwa inatengwa. Na ile baa na zile fremu zinalipa ushuru, hizo hela zinakwenda wapi kama sio kwenye mapato hayohayo? Hapo ndipo penye shida yenyewe. Kiwanja cha chandimu hakiingizi hata shilingi, fremu zinaingiza kila mwaka. Mwenye kulinda ndiye anayenufaika kisipolindwa, ni fisi kukabidhiwa bucha.

Dada uliyeuliza kuhusu wenye fremu, kwamba na wao wana familia: nakubaliana na wewe kabisa. Wengi wao ni wapangaji tu, wanalipa kodi kwa mtu ambaye hata sura yake hawaijui. Sitaki greda liwapitie wao halafu aliyetoa kibali astaafu na kiinua mgongo. Aanze yeye kuitwa.

Uliyeniita mpinga maendeleo, haya.

Na wewe unayejifanya kuuliza kwa upole "ni halmashauri gani ili tufuatilie", nimeiona akaunti yako imefunguliwa jana. Sitaji.

Sasa msaada ninaouhitaji. Kama kuna mtu humu amewahi kupata nakala ya ramani ya zamani ya mipango miji ya mtaa wake, aje inbox anielekeze alipitia mlango gani na alilipia nini. Halmashauri wananiambia niende wizarani, wizarani wananiambia ramani zipo halmashauri. Wastaafu wa ardhi mliomo humu, najua mpo, namba ya ramani tu inatosha, jina lako halitatajwa. Mkutano wa pili wa wadau wamesema watatangaza, na safari hii nataka niingie pale nikiwa na mita za mraba za awali mkononi.