Kwenye kadi za Magic, panya wa 1/1 anamzuiaje dinosau wa 6/6 mwenye kukanyaga?

Mkaazi wa Kikoni:
Wakubwa, niamulieni kesi hii, maana nimenunua rolex mbili, zile chapati za kuviringishwa na mayai, ambazo hazikuwa deni langu.

Jana usiku tulikuwa tunacheza Magic: The Gathering, mchezo wa kadi za viumbe wanaopigana, chumbani, umeme umekatika, tochi ya simu tumeiegemeza kwenye chupa ya maji. Mwenzangu kabaki na uhai 5. Mimi mezani nina Colossal Dreadmaw, dinosau wa 6/6 (nguvu 6, uimara 6) mwenye Trample, yaani kukanyaga: pigo linalozidi la kumuua mzuiaji linampata mpinzani. Nikashambulia. Jamaa akatabasamu, akazuia kwa Typhoid Rats, panya wa 1/1 wenye Deathtouch, ule mguso wa kifo. "Panya kagusa, dinosau kafa, hakuna kinachopita."

Nilibisha, nikazidiwa kelele. Zamu yake iliyofuata akanimaliza. Sasa kweli dinosau akifa na pigo lake linafutika? Sisi tumekulia kwenye matatu, ule mchezo wa karata wa Uganda: ukiwekewa 2, unaokota, basi. Huku kila kadi inakuja na sheria zake mgongoni.

Babu Kete:
Pole mwanangu, umedhulumiwa.

Mwenzako anadhani panya anauma kwanza. Hapana. Mshambuliaji na mzuiaji hupigana kwa mpigo mmoja. Mguso wa kifo maana yake ni kwamba pigo lolote kutoka kwa kiumbe huyo, hata la pointi 1, linatosha kuua. Hausemi chochote kuhusu kuwahi. Dinosau wako ana pointi 6 za kugawa: panya anahitaji 1 tu ili afe, 5 zilizobaki unaruhusiwa kumshushia mwenye panya. Ana uhai 5. Piga hesabu. Dinosau naye angekufa, ndiyo, lakini wakati huo mchezo umeshakwisha.

Mkaazi wa Kikoni:
Asante mzee. Na kama panya angekuwa na First Strike?

Babu Kete:
Hapo sawa. Pigo la kwanza lina hatua yake kabla ya mapigo ya kawaida. Panya angeuma, dinosau anaondoka mezani hajainua hata mguu, na mwenzako anabaki na uhai wake 5. Lakini hilo neno halijaandikwa kwenye Typhoid Rats. Soma kadi, usimsome mtu usoni.

Dada wa Jinja:
Naongezea moja iliyonitoa machozi. Kiumbe wangu alizuiwa, nikamuua mzuiaji kwa kadi ya uchawi nikidhani njia imefunguka. Wapi! Ukishazuiwa umezuiwa, hata mzuiaji akitoweka. Nikabaki napigana na hewa. Angekuwa na kukanyaga, nguvu zake zote zingemfikia mpinzani.

Na siku ukipata njia ya kumpa dinosau huyo mguso wa kifo, cheka peke yako. Azuiwe na majitu matatu yenye uimara wa 7 kila moja, unawagawia 1, 1, 1, na 3 bado zinapita.

Mkaazi wa Kikoni:
Nimemsomea yote, kaka yuko hapa kitandani ananuna. Anasema rolex zimeshaliwa, na kwamba kwao Mbale panya huuma kwanza.