Kalibu ya chubwi imeharibika shimo moja: nitengeneze vipi?

MshipiMrefu, Likoni
Assalaam aleikum wanajamvi. Ninaomba ushauri kuhusu kalibu ya alumini ninayoitumia kusubu chubwi za mishipi, yaani vile vizito vya risasi vya kuzamishia ndoana. Ni ya vipande viwili vilivyoungwa kwa bawaba, nayo ina mashimo manne yenye umbo la pera: mawili ya gramu 100 na mawili ya gramu 250. Hizo nzito ndizo tunazozitegemea wakati wa bamvua, mkondo wa Kilindini unapoburura kila kilicho chepesi. Jirani aliyeiazima ameirudisha ikiwa na kovu kwenye ukingo wa shimo moja la gramu 250. Inaonekana chubwi iligoma kutoka, naye akaichokoa kwa bisibisi. Tangu hapo kalibu haifungi sawasawa, risasi huvuja kwenye mshono na kuacha ngozi nyembamba kuizunguka chubwi, na chubwi yenyewe hung'ang'ania humo ndani. Fundi mmoja wa mtaani ameniambia nizipige msasa nyuso zote mbili mpaka zilingane, na mwingine anataka kovu lijazwe gundi ya chuma. Kalibu hii niliachiwa na marehemu baba, kwa hiyo sitaki kuigusa kwa tupa kabla ya kuwasikia wenye ujuzi.

FundiKerezo, Changamwe
Wa aleikum salaam ndugu yangu. Tafadhali usizipige msasa nyuso za kalibu. Alumini ni laini, mkono hauwezi kuisugua bila kuviringisha kingo, na kila unachokipunguza usoni kinapunguza pia kina cha mashimo yote manne, yakiwemo matatu yasiyo na kasoro. Utafuta pia ile mikwaruzo myembamba ya kutolea hewa, ambayo bila hiyo risasi haijazi shimo vizuri.

Bisibisi ilipochimba, haikuondoa alumini, bali iliisukuma kando. Kwa hiyo kovu lako lina sehemu iliyobonyea na sehemu iliyoinuka. Iliyobonyea haina madhara: itaacha uvimbe mdogo juu ya chubwi, nawe utaukata kwa kisu. Iliyoinuka ndiyo inayokusumbua, kwa sababu usoni inazuia vipande viwili kukutana, na ndani ya shimo inaishika risasi kama kijino cha ndoana kinavyoushika mdomo wa samaki. Ondoa kilichoinuka, na kilichobonyea ukiache kama kilivyo.

Ili ukione, fukiza uso mmoja kwa moshi wa koroboi mpaka upate masizi mepesi, funga kalibu ikiwa baridi, kisha ifungue. Pale masizi yatakapohamia upande wa pili ndipo panapogusana. Kikwangue kijino hicho kidogo kidogo kwa wembe mkali uliolazwa bapa, huku ukirudia jaribio la masizi kila mara. Upande wa ndani ya shimo, tumia mgongo laini wa keekee kuisukuma alumini irudi ilikotoka, bila kukata. Kazi hii haitaki haraka.

BintiMjiWaKale
Ninaongeza neno kuhusu gundi. Risasi huyeyuka kwenye nyuzi 327 za Selsiasi, na kwa kawaida humiminwa ikiwa na joto zaidi ya hapo; gundi za chuma zinazouzwa madukani hazikutengenezwa kwa joto hilo. Itaungua, itatoa gesi ndani ya shimo, nawe utapata chubwi zenye mapovu. Risasi ya kulehemia nayo itayeyuka mapema zaidi. Kuchomelea alumini kwa gesi ya agoni kunawezekana, lakini joto linaweza kuipinda kalibu, na shimo lingelazimika kuchongwa upya. Kwa kovu la ukingoni sioni sababu ya kufika huko.

NahodhaMstaafu, Mtongwe
Mwanangu, mfuate FundiKerezo. Kijino kikishaondoka na chubwi bado ikashika, chukua moja iliyotoka katika shimo hilo hilo, itie skrubu kitakoni iwe mshiko, ipake dawa laini ya kusagia valvu za injini, ifungie ndani ya kalibu bila kubana sana, kisha uizungushe kwa mkono. Njia hii inafaa kwa kuwa shimo lako ni la mviringo. Koma mara tu ukiona mng'ao umeenea, kwani ukizidisha utalipanua shimo, kisha osha dawa yote.

Kwa siku zijazo, gonga bawaba kwa kipande cha mti na usichokoe kamwe kwa chuma. Hakikisha pia kalibu imekauka na imepashwa moto kabla ya kumimina, kwa sababu tone la maji chini ya risasi hugeuka mvuke ghafla na kuirusha risasi usoni. Fanya kazi nje, mbali na watoto na vyombo vya chakula, na unawe kabla ya kula. Sisi wa Mombasa tuliyaona ya Owino Uhuru kule Mikindani, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilipowadhuru wakazi kwa risasi, na hatuna udhuru wa kuichukulia sumu ya risasi kwa wepesi.

MshipiMrefu, Likoni
Ninawashukuru sana, na shikamoo Nahodha. Nimefanya jaribio la masizi, na alama zimetokea mahali pawili: moja kwenye kovu, na nyingine karibu na bawaba, mahali ambapo bisibisi haikufika. Je, hiyo ya pili nayo niikwangue?

FundiKerezo, Changamwe
Hapana, usiikwangue. Hiyo huenda ni tone la risasi lililoganda usoni wakati kalibu ilipokuwa ikivuja. Ipashe moto kalibu mpaka tone lilegee, kisha ulifute kwa kijiti kikavu. Alumini haiyeyuki mpaka nyuzi 660, hivyo una nafasi ya kutosha. Iache ipoe, tikisa pini ya bawaba uone kama imelegea, na urudie masizi kabla ya kugusa kovu, maana tone hilo peke yake linaweza kuwa ndilo linaloacha mwanya mkubwa. Utakapoanza kusubu tena, usizihukumu chubwi za kwanza: zikitoka na makunyanzi, kalibu bado ni baridi, na kovu halihusiki.