Nataka kuwa rubani wa jeshi, nipo kidato cha nne Chamwino. Nianzie wapi?

BintiChamwino

Shikamooni wakubwa. Nasoma kidato cha nne shule ya kutwa hapa Chamwino, mtihani ni Novemba. Nataka kuwa rubani wa JWTZ (Jeshi la Wananchi wa Tanzania), wazo hili nimelishika tangu darasa la tano. Mock nilipata B ya Fizikia na C ya Hisabati. Naomba kujua: nichukue tahasusi (mchepuo wa masomo) gani kidato cha tano? JKT (Jeshi la Kujenga Taifa) ni lazima? Wasichana wanachukuliwa? Nikikaa dawati la nyuma ubao unakuwa na ukungu, je, ndiyo basi tena? Halafu cheti cha kuzaliwa kimeandikwa Yohane, shuleni nimesajiliwa Yohana. Mwisho, kuna mtu kamwambia baba atoe laki nane "kushika nafasi mapema". Baba ameanza kutafuta mteja wa ng'ombe.

MsalatoKwetu

Marahaba mdogo wangu. Nianze na ng'ombe: baba asiuze. Kuomba kujiunga na JWTZ hakulipiwi, na Jeshi lenyewe limeonya mara nyingi kuhusu matapeli wa nafasi. Tangazo halijatoka na wewe hujamaliza shule, sasa hiyo nafasi inashikwa wapi? Ujumbe wa simu wa huyo mtu msiufute, upelekeni polisi au TAKUKURU.

Sasa njia yenyewe. Usisubiri tangazo la kuita raia waje wawe marubani wa kivita. Kwanza unaandikishwa kuwa askari, unapita mafunzo ya awali, kisha wenye sifa wanachaguliwa kwenda kozi ya uofisa Monduli, pale Chuo cha Mafunzo ya Kijeshi. Ukihitimu unatunukiwa kamisheni na kuwa luteni usu. Urubani ni uteuzi wa ndani, kwa mahitaji ya Kamandi ya Jeshi la Anga, na una vipimo vyake vya afya na akili. Mafunzo ya kuruka huanzia darasani, kisha ndege nyepesi ya mafunzo, ndipo jeti ya viti viwili mfano wa K-8. Kila hatua ina mchujo. Kwa hiyo jiulize mapema kama utakuwa radhi kuvaa sare hata usipofika kwenye usukani, maana kiapo ni cha uaskari, si cha urubani.

Wasichana wanachukuliwa, matangazo huita vijana wa jinsia zote. JKT usiikwepe. Matangazo ya karibuni yametaka mwombaji awe amepitia JKT, ama kwa kujitolea ama kwa mujibu wa sheria. Ukimaliza kidato cha sita utaitwa kwa mujibu wa sheria, miezi mitatu. Wapo wanaokaa nyumbani wakidhani ni hiari, kisha tangazo likitoka wanahangaika na cheti ambacho hawana. Sifa nyingine: raia wa kuzaliwa, hujaoa wala kuolewa, huna mchoro (tatuu) mwilini, hujapatikana na hatia mahakamani. Umri usizidi miaka 24 kwa kidato cha nne na sita, na 27 kwa wenye shahada. Soma tangazo la mwaka wako neno kwa neno, kwa sababu sifa hubadilishwa.

Hilo la Yohane na Yohana limeangusha wengi wenye alama nzuri. Vyeti vya NECTA, cheti cha kuzaliwa na kitambulisho cha NIDA lazima viseme jina lile lile. Rekebisha cheti cha kuzaliwa kupitia msajili wa RITA wilayani sasa hivi, kabla hujafikisha 18 na kujisajili NIDA. Ukiacha, kosa moja litakuwa makosa matatu katika ofisi tatu. Nenda na cheti cha darasa la saba na kadi ya kliniki kama ipo, na uliza hapo hapo kama wanahitaji hati ya kiapo.

Mama_AreaC

Mwanangu, ukungu wa ubao si hukumu, ila usiuache. Nenda kliniki ya macho Hospitali ya Rufaa ya Mkoa au Benjamin Mkapa, uombe vipimo viwili: cha herufi kwa umbali, na cha rangi kwa vitabu vya Ishihara, zile duara za vidoti zenye namba ndani. Herufi zikififia, mara nyingi ni kutoona mbali, na lenzi inasahihisha. Kwa marubani wa ndege za abiria, kanuni za kimataifa hutaka angalau 6/9 kwa kila jicho (unaona kwa mita 6 kile ambacho jicho zima huona kwa mita 9) na 6/6 kwa macho yote mawili, na miwani inaruhusiwa. Jeshi kwa kawaida hubana zaidi, hasa kwa ndege za kivita, kwa hiyo ujue namba zako mapema. Upofu wa rangi ni wa kurithi na hautibiki, ila kwa wasichana ni nadra sana kuliko wavulana.

Usipime macho siku uliyokesha unasoma au ukiwa na vumbi machoni, matokeo yatakudanganya. Usinunue miwani ya barabarani. Na tafadhali, usitie dawa ya kienyeji jichoni. Huku kwetu, kuanzia Kongwa hadi Chamwino, trakoma imesumbua sana. Kope zinazojikunja ndani hukwaruza kioo cha jicho, na kovu likishakaa hapo miwani haisaidii. Ukihisi mchanga jichoni kila asubuhi, mwambie daktari, na unawe uso kila siku kwa maji safi.

Meno pia. Jino lenye tundu huficha hewa. Ndege ikipanda, shinikizo la nje linashuka, hewa ile inatanuka, na maumivu yake yanaweza kumtoa rubani kazini akiwa angani. Ziba matundu yote. (Madoa ya kahawia ya floraidi, yale tunayoyaona sana kwa watoto wa Singida, si matundu. Usikubali kuchokonolewa bure.) Masikio ni hivyo hivyo: sikio linalotoa usaha litibiwe mpaka mwisho, maana ngoma iliyotoboka ni shida kwenye vipimo.

Pima damu, picha kubwa (kipimo cha chembe zote za damu), na hali ya selimundu. Wasichana wengi wana upungufu wa damu bila kujua, na damu pungufu hubeba oksijeni kidogo hata ukiwa chini, seuze juu. Mlenda, kunde na dagaa vipo nyumbani, kula. Chai usinywe mpaka ipite saa nzima baada ya chakula, kwa sababu inazuia mwili kufyonza madini ya chuma.

Kuhusu mazoezi: anza na kilomita 2, mara tatu kwa wiki, kwenye udongo, si lami. Ongeza kidogo kidogo, sehemu moja ya kumi kwa wiki inatosha. Wanaoanza na kilomita 10 wiki ya kwanza huumia mifupa ya ugoko na kupoteza mwezi mzima. Fanya na mazoezi ya mapaja, tumbo na shingo. Rubani anapokata kona kali kwenye nguvu ya G 5 (mara tano ya mvutano wa dunia), mwili wa kilo 60 unajihisi kilo 300 na damu inakimbilia miguuni. Macho ndiyo hutangulia kuzimika, kisha fahamu. Anakaza mapaja na tumbo ili damu ibaki kichwani, huku akipumua kwa mikupuo mifupi kila sekunde tatu hivi. Misuli hiyo haijengwi kwa wiki moja.

Mwl_Fizikia

Tahasusi: PCM (Fizikia, Kemia, Hisabati) ndiyo pana kuliko zote, PGM (Fizikia, Jiografia, Hisabati) nayo inafaa. PCB (Fizikia, Kemia, Baiolojia) ukiichukua utasoma Hisabati ile ya nyongeza tu, na hapo unajipunguzia nafasi. Kama kwenye Selform (fomu ya kuchagua tahasusi) ulijaza kitu kingine, usilie. Matokeo yakitoka, TAMISEMI hufungua mfumo wa kubadilisha tahasusi kwa muda mfupi. Weka namba yako ya mtihani karibu.

Lakini hiyo C ya Hisabati ndiyo inanitia wasiwasi kuliko macho yako. Rubani hupiga hesabu kichwani akiwa anaendesha, anasikiliza redio na anaangalia nje. Nikupe mfano wa hapa nyumbani. Uwanja wa Dodoma uko futi 3,670 hivi juu ya bahari. Kwa hewa sanifu (hewa ya mfano ya kupigia hesabu), joto ni nyuzi 15 usawa wa bahari na linashuka nyuzi 2 kwa kila futi 1,000, kwa hiyo Dodoma "ingepaswa" kuwa nyuzi 8 hivi. Saa nane mchana mwezi Novemba ikiwa nyuzi 31, ziada ni 23. Kila nyuzi ya ziada hesabu futi 120: 23 mara 120 ni 2,760. Jumlisha na 3,670, unapata 6,430. Yaani ndege imesimama Dodoma lakini injini na mbawa zinafanya kazi kama ziko futi 6,400, kwenye hewa nyepesi. Itahitaji barabara ndefu zaidi kuruka na itapanda polepole. Ndiyo maana mzigo mzito ni bora uondoke alfajiri.

Jizoeze hivi kila siku dakika 15 bila kikokotoo. Zoezi la leo: Dodoma hadi Dar kwa mstari ulionyooka ni kama kilomita 388. Ndege inaenda noti 420 (noti ni kipimo cha kasi), hakuna upepo. Dakika ngapi?

BintiChamwino

Asanteni sana. Baba nimemsomea, ng'ombe hauzwi. Mwalimu, noti 420 ni 7 kwa dakika. 388 gawanya kwa 7, ni dakika 55.

Mwl_Fizikia

Ile 7 umeipata vizuri, ila umegawa kilomita kwa maili. Noti ni maili za baharini kwa saa, na maili moja ya baharini ni kilomita 1.852. 388 gawanya kwa 1.852 ni kama 210, gawanya kwa 7, dakika 30. Mwaka 1983 Boeing 767 ya Air Canada iliishiwa mafuta angani kwa sababu ratili zilichanganywa na kilo wakati wa kujaza, na marubani wakalazimika kuishusha kama ndege isiyo na injini, injini zote zimezima, huko Gimli, Kanada. Kuanzia leo andika kipimo pembeni ya kila namba, hata kwenye daftari la mazoezi.

Sasa rudia: upepo wa mbele noti 60.

BintiChamwino

Noti 360, maili 6 kwa dakika. Maili 210 gawanya kwa 6. Dakika 35.

Mwl_Fizikia

Sahihi. Kesho nitakuwekea ya upepo wa ubavuni. Uje na kipimapembe.