Nimeumia kiuno nikishusha lumbesa, bosi anasema kibarua hana fidia

Wakuu habari za jioni. Niko Moshi, napiga ukuli kwenye stoo ya nafaka karibu na soko la Mbuyuni. Wiki iliyopita tulikuwa tunashusha Fuso la mahindi ya lumbesa, yale magunia yaliyojazwa kupita kipimo. Gunia likiwa mgongoni nikageuka ili nilipange, nikasikia "tak!" kiunoni. Sasa maumivu yanashuka takoni mpaka wayo wa kushoto, na kidole gumba cha mguu kimekufa ganzi. Bosi kanipa elfu ishirini ya dawa, basi. Nyumbani wamemwita mzee wa kuchua. Nichuliwe? Na kweli sina haki yoyote?

*Kuli Mstaafu:* Pole sana mdogo wangu. Huyo mzee mpe chai aende zake. Mimi walinikanyaga mgongo, nikatoka nabebwa.

*Fizio Kaskazini:* Inaelekea diski ya uti wa mgongo imebana mshipa wa fahamu, ila lazima upimwe. Usishinde kitandani, tembeatembea kidogokidogo, mzigo usiguse. Dawa za maumivu usimeze hovyo, hasa kama una vidonda vya tumbo. Mkojo ukigoma au ukitoka wenyewe, ganzi ikiingia sehemu za siri, au miguu ikikosa nguvu, usingoje asubuhi. Nenda hospitali ya KCMC usiku huohuo.

*Dada wa Pasua:* Bosi anakutisha tu. Sheria ya fidia inamhusu mwajiriwa yeyote, na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF) unachangiwa na mwajiri, wewe hukatwi hata senti. Kama hajajisajili, kosa ni lake. Mpe taarifa kwa maandishi ubaki na nakala. Akishaipata ana siku 7 za kuripoti WCF. Asipofanya hivyo, nenda mwenyewe, usivushe miezi 12. Na hospitali sema wazi kwamba umeumia kazini, iandikwe kwenye faili.

*Mleta uzi:* Asante dada. Mkataba sina, ila kuna daftari la posho tunasaini kila jioni.

*Dada wa Pasua:* Lipige picha kesho kabla halijapotea! Na wenzako mliokuwa nao kwenye Fuso, chukua namba zao.

*Mgumu wa Machame:* Sisi wapagazi wa Mlima Kilimanjaro mzigo unapimwa getini, mwisho kilo 20. Nyie huko mnabebeshwa lumbesa, na lumbesa yenyewe ni marufuku, gunia halitakiwi kuzidi kilo 100. Hata hizo 100 ni za watu wawili. Shirika la Kazi Duniani (ILO) walishauri mwisho kilo 55 kwa mwanaume tangu 1967.

*Mleta uzi:* Daftari nimelipiga picha. Kesho naenda hospitali ya Mawenzi.