Wasifu wa marehemu afisa mstaafu wa JWTZ: uandikweje? (Mazishi Jumamosi, Marangu)

Mwana_Marangu:
Wakuu, shikamooni. Tumeondokewa na baba mkubwa, Luteni Kanali mstaafu. Kamati imenikabidhi wasifu, na mchungaji ametoa dakika saba. Nilichoambiwa na wazee: aliingia JWTZ (Jeshi la Wananchi wa Tanzania) 1962, akapigana vita vya Kagera, akaenda Msumbiji, akastaafu kwa umri. Ameacha mjane, na watoto saba ambao mmoja alishatangulia na mmoja ni wa nje ya ndoa. Ya jeshini niyaandikeje nisiumbuke mbele ya wenzake? Na gwaride tuliweke kwenye ratiba?

Karani_Tengeru:
Poleni sana na msiba. Kabla ya kalamu, omba mjane akufungulie sanduku la karatasi. Tafuta cheti cha kamisheni (cha kufanywa afisa), barua za kupandishwa vyeo, hati ya kustaafu na karatasi za pensheni. Zipange mezani kwa tarehe, ndipo uwaulize wazee. Wazee wanakumbuka tukio barabara, mwaka ndio wanaouchanganya.

Mfano ni huo wa 1962. JWTZ lilianzishwa 1 Septemba 1964. Mwaka 1962 jeshi lilikuwa Tanganyika Rifles, lililotokana na KAR (King's African Rifles, jeshi la mkoloni Mwingereza) wakati wa uhuru, nalo lilivunjwa baada ya maasi ya Januari 1964. Kwa hiyo huenda mzee ana tarehe mbili za kuandikishwa, na pengo katikati. Ziandike zote mbili kama karatasi zinavyosema, usiziunganishe kwa kukisia. Na kama alianzia uaskari akapata kamisheni baadaye, atakuwa na namba mbili: ya askari inayoanza na MT na ya afisa inayoanza na P. Ukiona namba mbili usidhani moja imekosewa.

Vyeo viende kwa mpangilio: alitunukiwa kamisheni kuwa Luteni Usu, kisha Luteni, Kapteni, Meja, Luteni Kanali. Mtaani wote walimwita "Kanali" na hakuna aliyekasirika, ila kwenye karatasi Kanali ni cheo kingine, cha juu yake. Andika "Luteni Kanali (Mst)".

Tarehe ya kuzaliwa itakusumbua. Kitabu cha ubatizo cha usharika kinaweza kusema hivi, jeshi likasema vile. Tumia ile iliyo kwenye kitambulisho na pensheni, na hakikisha ndiyo itakayoingia kwenye cheti cha kifo. Zikitofautiana, atakayesimamia mirathi ndiye atakayehangaika na viapo.

Mto_Themi:
Naongezea ya vita, maana hapo ndipo maveterani wanapotega masikio. Majeshi ya Idi Amin wa Uganda yaliingia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978. Yetu yalivuka mpaka Januari 1979, Masaka ikaanguka Februari, Kampala 11 Aprili. Anayekwambia mzee alikula Krismasi ya 1978 Kampala, mshukuru, usiandike. Lakini karatasi zikionyesha alirudi 1981 usizifute, kuna vikosi vyetu vilivyobaki Uganda hadi mwaka huo.

Msumbiji pia uliza ni lini. Kuna waliokuwa na wapigania uhuru wa FRELIMO kabla ya 1975, na kuna waliopelekwa 1987 na 1988 kupambana na waasi wa RENAMO. Ni habari mbili tofauti. Medali nazo usizitaje kwa kusikia, geuza usome maandishi yaliyochongwa au soma hati yake. Kikosi kinatosha kwa namba ya KJ (Kikosi cha Jeshi) na mkoa.

Kihamba_Chini:
Dakika saba ni kama maneno 700 kwa msomaji asiyekimbia, na msomaji wa msibani husita. Andika 600. Jeshi lisizidi 250, la sivyo familia itabanwa mwishoni isomwe kwa pupa, na hiyo ndiyo kasoro ya wasifu nyingi za wanajeshi.

Hapo kwenye familia futa "alikuwa baba mwenye upendo". Kila marehemu anao huo. Waulize watoto, mmoja mmoja, alifanya nini. Unataka jibu la namna hii: akiwa kambini Songea alituma ada kwa hawala ya posta kabla shule hazijafunguliwa, alipostaafu ndiye aliyeandika zamu za maji ya mfongo (mfereji wa kumwagilia) kwenye daftari, na jina lake akaliweka la mwisho. Mawili ya hivyo yanatosha.

Picha: mkitumiana kwa WhatsApp tuma kama faili, ukituma kama picha inapungua ubora na ikichapwa uso unafifia. Akiwa amevaa alama za Kapteni, andika chini yake "akiwa Kapteni" na mwaka. Kijitabu cha A4 iliyokunjwa lazima kurasa zigawanyike kwa nne. Ukiwa na tano unalipia nane.

Mwana_Marangu:
Asanteni sana wakubwa. Huyo mtoto wa nje, wajomba wanasema asitajwe.

Karani_Tengeru:
Hilo si lako wala la wajomba. Mpelekee mjane na mtoto mkubwa leo, si Ijumaa usiku. Njia isiyoumiza ni "ameacha mjane, watoto sita, wajukuu…" kisha majina kwa umri, bila kutaja mama wa nani. Aliyetangulia mtaje kwa jina kwenye sentensi yake. Ukimruka mtu, hesabu itakukamata: kaburini wataitwa watoto waweke mashada, atasimama, na watu wanahesabu.

Mto_Themi:
Gwaride: msemaji wa familia aende kambi ya karibu na hati ya kustaafu na kibali cha mazishi, aeleze siku, saa na mahali. Wao ndio wanaoamua kama watakuja na kwa kiwango gani, kwa hiyo kwenye ratiba andika "Heshima za mwisho" tu mpaka wathibitishe. Wakija, muda wa kaburini unawapisha wao, mchungaji ajulishwe mapema. Kama kutakuwa na risasi za hewani, MC atangaze kwanza, na ng'ombe wa zizi la karibu wahamishwe.

Sare zake zisivaliwe na wajukuu hata kwa nia njema, raia haruhusiwi. Kama aliacha bastola, isikae kabatini msiba mzima. Ipelekwe polisi pamoja na leseni yake, na mdai karatasi ya kupokelewa.